Herufi L, S, T na P kwenye ratiba ya chuo: zisome kabla hujachagua kozi ya hiari

#1 Mzee wa Ratiba

Wakuu habari za jioni. Joto la Dodoma la kabla ya mvua mnalijua, nimetoa kiti nje, nina muda, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu kidogo. Mvumilie.

Jana mtoto wa dada yangu alikuja hapa Area C na karatasi imekunjwa mara nne. Ratiba ya muhula. Yuko mwaka wa pili. Amezungushia kalamu nyekundu kozi mbili za hiari anazotaka kuchukua. Nikamuuliza umezichaguaje. "Mjomba, hii jina lake zuri, na hii wanasema mwalimu wake hakamati watu." Sawa. Nikaweka kidole kwenye herufi moja iliyokaa mwisho wa kila mstari, pengine L, pengine S, pengine T, pengine P. Na hii je?

"Si ni jengo?"

Mwaka wa pili wakuu. Mihula miwili kamaliza akijua S ni jengo.

Simlaumu. Nimekaa miaka sita ofisi ya ratiba ya chuo kimoja (sikitaji, watu wa kule bado tunasalimiana) na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyekuja dirishani kuuliza herufi. Wanauliza chumba, wanauliza saa, wanauliza kwa nini kozi mbili zimegongana Jumatano. Herufi hapana. Na ndiyo inayokwambia ukiingia mle ndani mtafanya nini.

L ni mhadhara. Mwalimu anaongea, nyinyi mnaandika. Neno lenyewe kwa Kilatini lina asili ya kusoma, kwa sababu katika vyuo vya zamani vya Ulaya kitabu kilinakiliwa kwa mkono na bei yake ilikuwa haishikiki, basi mwalimu anasimama na nakala yake, anasoma kwa sauti, wengine wanafuatisha. Kwa hiyo ukimwona mwalimu wa leo anasoma slaidi neno kwa neno mpaka saa inaisha, usiseme ni mvivu, sema anaenzi asili. (Natania. Ni mvivu.)

S ni semina. Hii ilikomaa Ujerumani; pale Göttingen walikuwa na semina ya lugha za kale tangu 1738. Kikundi kidogo, andiko moja mezani, mwanafunzi analeta kazi yake, wenzake wanaichambua, mwalimu anaingilia pale mnapopotea. Kama hukusoma, unaonekana.

T ni tutoriali. Waliovuma nayo ni Oxford na Cambridge: mwanafunzi mmoja, wawili au watatu mbele ya mwalimu na insha yao. Kwetu imegeuka kipindi cha maswali. Mwalimu kafundisha Jumatatu, Alhamisi TA (mwalimu msaidizi) anakuja na karatasi, mnatatua ubaoni.

P ni vitendo: maabara, karakana, chumba cha kompyuta. Anayetajwa sana hapa ni Justus Liebig, mkemia aliyepewa uprofesa Giessen mwaka 1824. Yeye aliwaweka wanafunzi wenyewe kwenye mizani na chupa, badala ya kukaa mbali wakimtazama profesa anachanganya dawa.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana hapo ndipo herufi inageuka kuwa deni. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka mzima krediti 120, shahada ya miaka mitatu krediti 360. Kozi ya krediti 10 basi ni saa 100 za maisha yako. Mtaala unazigawa saa hizo. Mfano L 30, T 15, kazi za kuandika 15, kujisomea 40. Muhula una wiki 15 hivi, kwa hiyo L 30 ni saa mbili kila wiki, na T 15 ni saa moja. Usipopewa hiyo T, umepunjwa saa 15 ulizolipia ada.

Na siri ya ofisini ni hii. Mtaala unaandikwa, unapitishwa, unawekwa kabatini. Halafu wanafunzi wanakuja wengi kuliko ule mtaala ulivyowaza. Nakumbuka kozi moja ilikuwa na watu 480. Mtaala unasema S, vikundi vya watu 24. Hivyo ni vikundi 20. Walimu wawili, TA mmoja, ambaye naye alikuwa anafuatilia barua ya kwenda masomoni. Nilikaa na ratiba ile mpaka saa tano usiku. Mwisho nikafanya kile ambacho kila mtu wa ratiba hufanya: kikundi cha 1 hadi cha 5 nikawatia ukumbi mmoja, cha 6 hadi cha 10 ukumbi mwingine, na kuendelea. Watu 120 kwa 120. Herufi nikaiacha S, maana mkuu wa idara hataki iguswe, mtaala uliopitishwa unasema S.

Nikapita siku moja kuchungulia. Binti mmoja kashika maiki anasoma alichokopi, wenzake wanne wanaowasilisha naye wamesimama nyuma kama washenga, watu 115 waliobaki wanachati. Mwalimu yuko mstari wa nyuma anasahihisha mitihani ya kozi nyingine. Kwenye kompyuta yangu kipindi kile kilisomeka "semina imefanyika".

Kwa hiyo ukichagua kozi ya hiari, soma herufi pamoja na ukubwa wa chumba. S kwenye chumba cha viti 40, hiyo ni semina. S kwenye ukumbi wa viti 300 ni L iliyoazima koti.

Karibuni.

#2 Mgeni wa Ng'ong'ona

Shikamoo mzee. Mimi ni mwaka wa kwanza, nimefika wiki ya tatu hii. Aisee nimekimbia kuangalia yangu. Nina kozi moja imeandikwa L, T halafu IS. IS haina chumba wala saa. Niliuliza CR, kiongozi wetu wa darasa, akasema achana nayo hiyo haipo.

#3 Mzee wa Ratiba

Marahaba kijana. IS ni kujisomea mwenyewe. Mwambie CR wako kwamba hiyo ndiyo ipo kuliko zote. Jumlisha saa zenye vyumba kwenye kozi yako, toa kwenye saa za krediti, kinachobaki ni kile unachotakiwa kukifanya maktaba au kimbweta bila mtu kukuita jina. Kwenye kozi nyingi ni sehemu nono. Haina chumba kwa sababu chumba ni wewe.

#4 Injinia Nkuhungu

Mzee umeeleza vizuri lakini kwenye P umepita mbio, na huko ndiko kwenye mambo.

Nimekuwa TA wa uhandisi miaka minne, chuo sikitaji na mimi. P haiwi P kwa sababu tu mmeingia chumba chenye meza za zege. Swali ni nani anashika kifaa. Tulikuwa na jaribio la kubonyeza tofali la zege mpaka lipasuke, tupate nguvu yake. Mashine moja. Wanafunzi 60 kwa zamu. Fundi wa maabara anaweka tofali, anafunga mlango wa wavu, anabonyeza, mshale unapanda, kishindo, vumbi, watu "uuuh", mmoja anapiga picha ya namba, picha inarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Ripoti 60 zinaletwa zenye namba ile ile, na koma ile ile. Hiyo ni P? Ni sinema. Huyo Liebig wako angelia.

Na kuna sababu ya pesa ambayo hukuigusa. Herufi haihesabu saa za mwanafunzi tu, inahesabu na mzigo wa mwalimu. Pale nilipokuwa, saa moja ya maabara ilihesabiwa nusu ya saa ya mhadhara kwenye fomu ya mzigo wa kazi. Kwa hiyo mwalimu akisimamia maabara saa tatu, tena amesimama, kwenye fomu anaonekana kafanya kazi saa moja na nusu. Sasa wewe ungekuwa ndiye unayeandika mtaala mpya, ungeweka P au L?

#5 Mzee wa Ratiba

Injinia umenichoma pale pale. Hilo la fomu nilikuwa nalikwepa kidogo. Ni kweli, nimeona kozi zikihama kutoka P kwenda L mtaala unapohuishwa, na sababu inayoandikwa ni "kuboresha ufundishaji".

#6 Bwana Supu

Mnajisumbua. Kinachomtoa mtu chuo ni UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Iite L, iite S, iite Z, mimi nilikuwa naingia wiki mbili za mwisho na past pepa na nimemaliza na GPA yangu safi. Wengine mlikuwa mnakaa mbele na mlishikwa sapu, mkarudia mtihani.

#7 Binti wa Makole

@Bwana Supu kaka, UE kwetu ni 60. Arobaini nyingine inatoka huko unakokudharau: ripoti za maabara, kuwasilisha semina, tesiti. Mimi nilipata 31 ya koziweki kabla sijakanyaga chumba cha mtihani, nikawa nahitaji kidogo tu. Wewe uliingia UE na ngapi?

#8 Bwana Supu

Tuendelee na mada.

#9 Mama wa Ihumwa

Hamjambo wanangu. Mimi ni mtumishi, tulihamia huku na wizara, nasoma Chuo Kikuu Huria. Naona mnagombania vyumba na mimi sina chumba kabisa, nikasema niseme na mimi.

Chuo hiki kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na tangu mwanzo kazi yake ni masomo ya masafa. Maana yake mwanafunzi yuko mbali na mwalimu, kwa mahali na kwa saa. Zamani ilikuwa makabrasha ya kusomea, sasa vitu vingi viko kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni. Tunaye mratibu kwenye kituo cha mkoa, mitihani tunafanyia kituoni, na kuna vipindi vya ana kwa ana vinatangazwa kwa siku chache. Basi. Kilichobaki ni mimi na meza ya jikoni saa nne usiku watoto wakishalala.

Ninachotaka kurekebisha ni hiki. Watu ofisini wanachanganya vitu vitatu. Mwenzangu anasoma shahada ya jioni chuo kingine hapa mjini, anatoka kazini saa tisa na nusu, anapanda bodaboda, saa kumi na moja yuko darasani. Anasema eti na yeye anasoma masafa kama mimi. Hapana mwanangu. Jioni ni saa tu. Lile ni L la kawaida lililopelekwa jioni, mwalimu yupo mbele, mahudhurio yanasainiwa. Wa tatu ni yule anayesoma mtandaoni lakini lazima awe kwenye Zoom Jumanne saa mbili usiku. Huyo naye yuko mbali kwa mahali ila si kwa saa. Akikosa Jumanne, kakosa. Mimi nikikosa Jumanne nasoma Alhamisi.

Kwa mtu mwenye mume, watoto na bosi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamaliza.

#10 Mgeni wa Ng'ong'ona

Shikamoo mama. Sasa wewe tutoriali unafanyaje? Ukikwama swali unamuuliza nani saa nne usiku?

#11 Mama wa Ihumwa

Marahaba baba. Tuna grupu la watu sita, mmoja yuko Singida, mmoja Kondoa, wengine hapa hapa. Napiga picha daftari, natuma. Anayeamka wa kwanza kuswali ndiye anajibu. Mara nyingi ni yule wa Kondoa. Hilo halina herufi kwenye ratiba yoyote.

#12 Mgogo Ughaibuni

Mbukwenyi. Nipo Marekani, shahada ya pili, mwaka wa pili sasa. Kongole mama wa Ihumwa, umeeleza kwa mistari kumi kile ambacho huku wanakieleza kwa kurasa tatu.

Huku ukifungua ukurasa wa kujiandikisha, kila kozi ina vitambulisho viwili. Kimoja ni hicho cha mzee: mhadhara, semina, maabara, na wana vingine kama studio kwa wasanii na wachora majengo. Cha pili ni njia ya kufundishia: ana kwa ana, mtandaoni kwa saa iliyopangwa, mtandaoni kwa saa yako, mseto. Kozi inaweza kuwa semina na bado ikawa mtandaoni kwa saa iliyopangwa. Nyumbani vitu hivi viwili vinatiwa kapu moja na ndiyo maana mtu akisikia "kozi ya mtandaoni" hajui kama atazungumza au atatazama video.

Mseto nao una vipimo. Watafiti wa elimu ya mtandaoni huku walikuwa wanatumia mgawo huu: maudhui yakiwa mtandaoni asilimia 80 au zaidi, kozi ni ya mtandaoni, kuanzia 30 hadi 79 ni mseto, chini ya 30 ni kozi ya darasani inayosaidiwa na mtandao tu. Si sheria, na kila chuo kina mistari yake, lakini inakupa picha. Mwalimu kutupia PDF kwenye grupu hakuifanyi kozi iwe mseto.

Na kuna ile wanaiita HyFlex, ilianzia chuo cha San Francisco State miaka ya 2000: kipindi kimoja, mwanafunzi anaamua wiki hii anakuja, anaingia kwa mtandao, au anatazama baadaye. Mwanafunzi raha. Mwalimu anafundisha madarasa matatu kwa mshahara wa moja.

Kwa nini mimi nasoma vitambulisho hivi kama Kurani? Viza. Niko na F-1, viza ya mwanafunzi, na masharti yake ni kwamba kwenye idadi ya kozi zinazonifanya nihesabike mwanafunzi wa muda wote, ya mtandaoni inahesabiwa moja tu kwa muhula, au krediti tatu. Muhula wa kwanza nilikuwa nimeshachagua mbili. Yule dada wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni alinipigia simu mwenyewe. Nilitoka jasho na nje kuna theluji.

#13 Injinia Nkuhungu

Mgogo, hebu tuambie na krediti. Walikukubalia zako 360?

#14 Mgogo Ughaibuni

Hahaha. Hapo ndipo kichekesho. Shahada ya kwanza huku ni krediti 120 hivi kwa miaka minne, yaani 30 kwa mwaka. Nilipopeleka cheti changu chenye 360, mama wa udahili akatazama, akanitazama, akatazama tena. Kwa hesabu yake nilikuwa nimesoma miaka 12.

Krediti yao moja ni saa moja darasani na mbili nje, kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Piga mara, ni saa 45. Yetu ni saa 10. Na Ulaya wana yao, 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 mpaka 30. Ni kama debe, pishi na kibaba, mahindi ni yale yale. Ila kwa maabara huku wanasema wazi: mara nyingi saa mbili au tatu za maabara kwa wiki ndiyo krediti moja. Kwa hiyo ile nusu yako ya kwenye fomu, injinia, siyo dhambi ya nyumbani peke yake.

#15 Injinia Nkuhungu

Kumbe nilionewa kimataifa.

#16 Kalamu ya Mkaa

Kuna herufi mmeisahau, F. Fildi.

Nilisoma mambo ya kale. Mwaka wa pili tulikuwa na kozi yenye F 20. Ofisi ya ratiba (mzee usikasirike) ilikuwa imeiandika "Jumamosi saa 3 hadi saa 5", chumba namba fulani. Fildi ndani ya chumba! Tukakaa Jumamosi mbili tukitazama picha za michoro ya miambani kwenye projekta iliyokuwa inafifia, kila kitu cha zambarau.

Mwalimu wetu akachoka. Akaandika barua, akapata basi la chuo, tukaenda Kolo. Ni mbele ya Kondoa kwenye barabara ya Babati, michoro ile iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Tuliondoka alfajiri. Kupanda mlima ule saa tano mchana na viatu vya mtumba ni mtihani tosha. Tukafika kwenye jiwe, na mimi niliyetazama picha ile Jumamosi mbili nikapita mbele yake bila kuiona. Nilidhani ni doa la maji. Mwalimu akanirudisha, akaniambia nichuchumae nitazame kwa ubavu. Ndipo nikaona mistari myembamba ya udongo mwekundu, watu warefu wenye vichwa vikubwa, na mnyama mmoja ambaye nusu yake mwamba umeshambanduka. Mmoja wetu akanyoosha kidole kutaka kugusa, mwalimu akamshika mkono bila kusema kitu. Tukapima kwa futi kamba, tukachora kwa mkono kwenye karatasi ya graf, saa nne nzima. Mchoro wangu ulikuwa mbaya. Lakini mpaka leo nikiingia pango lolote nachuchumaa kwanza.

Sasa niambieni, saa zile nne na zile Jumamosi mbili zina herufi moja. Kwenye mfumo zinalingana.

#17 Mzee wa Ratiba

Sijakasirika. Mfumo wetu ulikuwa haukubali kipindi kisicho na chumba. Ukiacha chumba wazi unakataa kuhifadhi, unawasha rangi nyekundu. Basi tunajaza chumba chochote kilicho huru, kwa kawaida Jumamosi. Kwa hiyo chumba chako namba fulani ni mimi au mwenzangu. Samahani.

#18 Dada wa Wodi

Sisi wa uuguzi tuna nyingine kabisa, zamu za wodini, na huku herufi haidanganyi kirahisi kwa sababu kuna daftari. Kila ujuzi una mstari: kuchoma sindano, kuweka mrija wa mkojo, kupokea mtoto, mara ngapi umetazama, mara ngapi umefanya ukisimamiwa, sahihi ya msimamizi. Bila sahihi hufanyi mtihani wa mwisho. Wapo wanaoghushi, sikatai, lakini ukiitwa kitandani mbele ya mwalimu utajulikana kwa jinsi unavyovaa glavu tu.

@Injinia ungekuwa na daftari kama letu lile tofali lingebonyezwa na kila mtu.

#19 Injinia Nkuhungu

Tungehitaji matofali 60 dada yangu. Saruji ya nani?

#20 Msela wa 2020

Mmenikumbusha mwaka wa korona. Vyuo vilifungwa Machi, tukarudi Juni mosi. Hapo katikati mwalimu wetu mmoja alikuwa anatuma sauti za WhatsApp dakika 14, nyuma yake jogoo wanawika, mtoto analia. Tulivyorudi tukaambiwa mihadhara ile "ilishafanyika", tusonge mbele. Mimi nilikuwa kijijini Bahi, bando la kununulia dukani, mtandao unashika ukipanda kichuguu. Nilisikiliza sauti mbili kati ya kumi na moja. Kwenye rekodi nina L zote.

Ila niwe mkweli, ile ya jogoo ndiyo mada pekee niliyoielewa muhula ule, maana niliirudia mara tano.

#21 Mzazi Mpwapwa

Habari zenu. Mimi ni mzazi, sikusoma chuo. Mwanangu ananiambia anataka hela ya fildi, wiki nane. Nikisoma huku naona fildi ni kwenda kutazama mawe siku moja. Naibiwa?

#22 Kalamu ya Mkaa

Mzee shikamoo. Huibiwi. Kuna fildi mbili, jina moja. Ile ya kozi ni safari ya siku moja au chache, sehemu ya somo. Hii ya wiki nane ni mafunzo kazini, wengine huita PT, mara nyingi likizo ya mwisho wa mwaka. Anakaa ofisini au kiwandani, anajaza daftari kila siku, mwalimu anakuja kumkagua. Walimu nao wana yao ya kwenda kufundisha shuleni. Hiyo ina krediti zake na kodi ya chumba na nauli ni za kweli. Kama ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwambie akuoneshe mgawanyo wake, maana kuna fungu la fildi na si kila mtu amepangiwa sawa.

#23 Mzazi Mpwapwa

Marahaba. Asante mwanangu. Ataonesha.

#24 Binti wa Makole

Mzee wa Ratiba, na yule mpwa wako aliishia wapi? Kachagua nini?

#25 Mzee wa Ratiba

Alikuja leo mchana. Ile yenye jina zuri ameiacha. Ilikuwa S kwenye ukumbi wa viti 350. Amechukua nyingine, jina lake halitamkiki, S na P, chumba cha viti 36. Amelalamika kwamba wiki ya kwanza tu keshapewa andiko la kurasa 22 na Jumanne ni zamu yake kuliwasilisha. Nimempa chai.

Ile ya mwalimu asiyekamata watu kaing'ang'ania. Damu yetu hiyo.

#26 Mgeni wa Ng'ong'ona

Mzee samahani, la mwisho. T yangu ya hesabu ilikuwa Alhamisi saa 8, watu 90. Leo kwenye grupu wametangaza imehamishiwa Jumamosi saa 1 asubuhi kwa sababu chumba kimechukuliwa. Watu wote wamesema hawaendi. Na mimi niache?

#27 Mzee wa Ratiba

Nenda. Beba kalamu mbili. Jumamosi saa 1 asubuhi mtakuwa kumi na wawili na TA hana pa kukimbilia.